Kijana Asiye na Jina na Fedha za Pensheni



Juma lililopita alinijia ofisini mwalimu mmoja tuliyesoma naye chuo cha ualimu. Akaketi katika benchi la watu wanaongojea vyeti vya ubatizo, akatoa mfukoni karatasi ya mshahara. "Karani, nisomee hapa," akasema. Nikasoma: asilimia 7.5 ya mshahara wake imekatwa kwa ajili ya malipo ya uzeeni. Hilo alilijua. Ndivyo ilivyo tangu Januari 2021, serikali ya Kenya ilipoanza mpango mpya kwa walimu na watumishi wake walio chini ya miaka 45. Mwaka wa kwanza walikatwa asilimia 2, wa pili 5, na kuanzia wa tatu 7.5, na serikali yenyewe huongeza 15.

Lililomtia wasiwasi ni jambo lingine. Alikuwa amesikia ya kwamba kanuni zaruhusu mifuko ya pensheni itie hata asilimia 10 ya fedha zake mikononi mwa mabwana wanaonunua makampuni yasiyouzwa sokoni, na ya kwamba wengine wa mabwana hao ni vijana waliofungua ofisi juzi. "Fedha zangu," akaniuliza, "apewe kijana asiye na jina?"

Nilimwambia nitamjibu gazetini, maana najua si yeye peke yake anayeuliza.

Kwanza tufahamu kazi yenyewe. Kuna makampuni yauzayo hisa zake sokoni, kama pale Nairobi, na kila mwenye fedha aweza kununua. Kuna mengine, nayo ndiyo mengi, yasiyouzwa huko: kiwanda cha baba na wanawe, hospitali ya madaktari watatu, duka la dawa lililoanza kuzaa maduka mengine. Msimamizi ninayemtaja leo hukusanya ahadi za fedha kutoka kwa wenye mali wakubwa, yaani mifuko ya pensheni, makampuni ya bima na vyuo vikuu. Kisha hununua sehemu ya makampuni hayo, huyalea, na baada ya miaka kadhaa huyauza. Wengine hushika biashara changa kabisa, ambazo bado ni wazo tu na watu wawili au watatu. Fedha hazitolewi zote siku moja. Mwenye mali huahidi, tuseme, milioni 10, naye msimamizi huziita kidogo kidogo kila apatapo cha kununua. Mkataba kwa kawaida ni wa miaka 10. Kila mwaka msimamizi huchukua karibu 2 kwa kila 100 kwa gharama zake, na faida ikipatikana huchukua 20 katika kila 100 ya faida hiyo, mara nyingi baada ya wenye mali kupata kwanza 8 kwa mia kwa mwaka.

Miaka 10, ndugu zangu! Mimi ndiye niandikaye matangazo ya ndoa yasomwayo Jumapili tatu, ili mwenye neno aseme. Watu hawa hutangaziana kwa miezi sita, pengine mwaka mzima, na hawana haya. Huuliza mpaka habari za mshirika aliyeondoka miaka mitano iliyopita.

Sasa, kwa nini wahangaike na wageni, na wasimamizi wazee wapo? Jibu la kwanza ni kwamba hata hao wazee walikuwa wageni siku moja. Mwaka 1946, huko Boston Marekani, bwana mmoja mzaliwa wa Ufaransa, Georges Doriot, mwalimu wa Harvard, alishika uongozi wa kampuni iliyoitwa American Research and Development. Kazi yake ilikuwa kutia mtaji katika biashara changa. Haikuwa na historia yoyote ya kuonyesha, maana kazi ya namna hiyo ilikuwa haijazoeleka; hata hivyo wenye mali wakubwa, chuo cha MIT miongoni mwao, walinunua hisa zake. Mwaka 1957 kampuni hiyo iliwapa mainjinia wawili dola 70,000 waanze kutengeneza kompyuta. Biashara yao iliitwa Digital Equipment Corporation, na kabla ya 1972 sehemu ile ya dola 70,000 ilikuwa imefikia thamani ya zaidi ya dola milioni 350.

Jibu la pili ni hesabu ya darasa la tano. Msimamizi mwenye mfuko wa dola milioni 500 akichukua 2 kwa mia, hupata milioni 10 kila mwaka, auze asiuze. Kwa miaka mitano ya kwanza ni milioni 50, na bado hajamfaidia mtu. Mwenye mfuko wa milioni 20 hupata 400,000 kwa mwaka, na humo humo alipe kodi ya ofisi, wasaidizi, mwanasheria, mkaguzi wa hesabu na nauli. Huyu hatatajirika kwa ada. Hana budi kutafuta faida, maana chakula chake kiko huko. Wenye mali wengi wanaona ya kwamba njaa hiyo ni jambo jema. Mimi nakubaliana nao kwa sehemu tu. Mwenye njaa hufanya bidii, lakini pia huweza kununua kitu kibaya kwa haraka ili aonekane anafanya kazi.

Basi nitawasimulia habari za Yale, ambayo kwa maoni yangu yafundisha kuliko vitabu vingi. Chuo hicho, kilichoko New Haven, kina wakfu mkubwa wa fedha. Mwaka 1985 kilimwita mwanafunzi wake wa zamani, Bwana David Swensen, mwenye miaka 31, awe mtunzaji wake. Wakati huo wakfu ulikuwa na zaidi kidogo ya dola bilioni 1. Mwaka 2020 ulikuwa na bilioni 31, baada ya kulipia sehemu kubwa ya gharama za chuo kila mwaka. Bwana Swensen alifariki Mei 2021. Katika kitabu alichotoa mwaka 2000 alishikilia neno moja mara nyingi: tabia ya mtu apewaye fedha yapita mambo mengine yote. Naye alipendelea vikundi vidogo vinavyomilikiwa na wenyewe, ambavyo wenyewe wametia fedha zao pia.

Sasa angalia. Alikuwako kijana Mchina, Zhang Lei, aliyezaliwa mkoa wa Henan, aliyekwenda kusoma Yale. Akiwa mwanafunzi alipata kazi ya kujifunza katika ofisi ile ya wakfu. Walimtuma achunguze biashara ya misitu na mbao, jambo ambalo si la kumpendeza kijana wa mjini, naye akarudi na taarifa nene. Mwaka 2005 alirudi China akaanzisha mfuko wake, akauita Hillhouse, jina la barabara iliyoko pale chuoni. Hakuwahi kuendesha mfuko. Yale ikampa dola milioni 20. Hillhouse ikaja kuwa mmoja wa mifuko mikubwa ya Asia, na mwaka 2010 Zhang akakipa chuo zawadi ya dola 8,888,888, maana kwa Wachina nambari nane ni ya heri.

Msomaji atasema: walibahatisha. La. Walikuwa wamemwona akifanya kazi isiyo na sifa, wala hakujua ya kuwa anapimwa. Hiyo yapita mtihani wowote.

Lakini hapo hapo naona kasoro, nami sitaificha. Zhang aliingia ofisi ile kwa sababu alikuwa mwanafunzi wa chuo kile. Kijana mwenye akili kama zake aliyebaki Henan hakuonekana na mtu. Mwenye mali akichagua tu wale aliokunywa nao chai, hajachagua, amejuana. Kwa sababu hiyo mifuko mingine ya Marekani imeweka mlango maalumu kwa wageni. Mfuko wa pensheni wa walimu wa Texas, kwa mfano, una mpango wa namna hiyo tangu 2005. Tena kuna shida ya ukubwa: mfuko mkubwa mno hauwezi kuandika hundi ndogo. Kumchunguza msimamizi wa milioni 5 ni kazi ile ile ya kumchunguza wa milioni 500, na hakuna mfuko wa pensheni upendao kushika nusu nzima ya mfuko wa mtu mmoja. Kwa hiyo wengine humpa fedha mtu wa kati, naye huzigawa kwa vijana wengi. Kasoro yake yajulikana: huyo wa kati naye hutaka ada yake juu ya ada.

Sasa tuje kwenye uchunguzi wenyewe, na hapa nina neno langu binafsi.

Mimi karani najua thamani ya barua ya sifa. Kila mwaka huandika nyingi, wala sijapata kuandika hata moja isemayo, "Huyu ni mvivu." Mvivu haji kuniomba. Miaka michache iliyopita kikundi cha akina mama wa hapa petu kilitafuta mtu wa kushika hesabu za mashine yao ya kusaga. Nilimwandikia kijana mmoja barua nzuri, kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri na alinyenyekea. Hakuna aliyekwenda kuuliza mahali alipofanya kazi kwanza, na mimi sikuuliza pia. Fedha za matengenezo zilikwenda kidogo kidogo, na siku mashine ilipovunjika ukanda, kisanduku kilikuwa kitupu. Akina mama wale hunisalimu vizuri hata leo, nalo ndilo linaloniuma.

Wachunguzi wenye ujuzi huzipokea barua za sifa, wakazitia katika faili, kisha wakaenda kuwatafuta watu ambao kijana hakuwataja. Humtafuta karani wake wa zamani, na mshirika waliyegombana naye. Humtafuta mwenye kampuni aliyekataa kumuuzia. Zaidi ya wote humtafuta mwenye kampuni aliyenunuliwa, wakamwuliza swali kama hili: shida ilipotokea usiku, ulimpigia simu nani? Maana kijana anayeanza mfuko wake mara nyingi anatoka katika ofisi kubwa, naye husema, "Kampuni ile niliinunua mimi." Ukienda ukauliza, utakuta watu wanne wote wasema hivyo hivyo. Mmoja aliigundua, mmoja alipatana bei, mmoja aliketi katika halmashauri ya kampuni miaka sita akiitengeneza, na mmoja alibeba mkoba. Hapana budi kujua huyu ni yupi.

Tena huuliza habari za faida: ni ya fedha au ya karatasi? Bei ya ng'ombe asiyeuzwa hutajwa na mwenye ng'ombe. Tuseme kijana wa kwanza aonyesha kwamba kila 100 aliyopewa imekuwa 250, lakini zilizorudi mikononi mwa wenyewe ni 20 tu, nyingine 230 ni makisio yake. Wa pili aonyesha 160, na 130 zimekwisha kurudi. Asiyezoea atamkimbilia wa kwanza. Wazee wa kazi hii humkalisha wa pili waongee naye.

Huangalia pia fedha ya kijana mwenyewe. Desturi ya zamani ni kutia 1 au 2 kwa mia ya mfuko wote, lakini kiasi hicho hakisemi kitu peke yake. Milioni ya tajiri yaweza kuwa ya matembezi. Swali ni sehemu gani ya mali yake imo humo. Walakini aliyeweka rehani hata nyumba anayolala, mimi ningemwogopa. Mtu wa namna hiyo hawezi kungoja miaka 10.

Na kama ni kikundi cha watu watatu, huulizwa wamefanya kazi pamoja miaka mingapi, na katika mkataba huandikwa majina yao: fulani na fulani wakiondoka, manunuzi yasimame mpaka wenye mali wakutane waamue. Vijana hawapendi kifungu hicho. Wasipokitia sahihi, basi.

Yabaki jambo moja ambalo wengi hulipita upesi kwa kuwa lachosha: ni nani atiaye sahihi hundi? Fedha ziko benki gani? Mkaguzi wa hesabu ni nani? Je, kuna mtu wa nje aandikaye hesabu, au ni kijana mwenyewe na shemeji yake? Msidhani mambo haya ni ya wadogo tu. Dubai ilikuwako kampuni iitwayo Abraaj, iliyoanzishwa mwaka 2002, na kufika 2017 ilijitangaza kuwa inasimamia karibu dola bilioni 14. Ilikuwa na mfuko wa dola bilioni 1 kwa ajili ya hospitali za Asia na Afrika, na baadhi ya hospitali zilizonunuliwa ni za Nairobi, ambako huenda msomaji amewahi kutibiwa. Walioweka fedha humo walikuwa watu wenye wachunguzi wengi, pamoja na shirika la Gates, lililoahidi dola milioni 100. Mwaka 2017 watu wa shirika hilo waliuliza swali dogo: fedha mlizoziita kwa ajili ya hospitali, na hamjanunua kitu, ziko wapi? Majibu hayakuwaridhisha. Wenye mali wakaajiri wahasibu wao, na Juni 2018 kampuni nzima ikawa mikononi mwa wafilisi. Mwanzilishi wake alikamatwa London mwaka 2019, naye amekana mashtaka. Mmoja wa wakubwa wake alikiri makosa katika mahakama ya New York mwaka ule ule. Mfuko wa hospitali ukapewa wasimamizi wengine.

Basi mwenzangu aliyeogopa kijana asiye na jina, amefanyaje na mwenye jina kubwa? Kijana wa kwanza kabisa huchunguzwa mpaka kwato, kwa kuwa hakuna amjuaye. Mwenye jina hupita mlangoni kwa sababu fulani na fulani wamekwisha kuingia, na kila mmoja anadhani mwingine ndiye aliyehesabu.

Kwa upande wa Kenya, ile asilimia 10 ni kikomo, wala si amri. Mifuko mingi haijafika hata karibu, na sehemu kubwa ya fedha za uzeeni imo katika hati za serikali. Si vibaya. Lakini biashara zetu nazo zahitaji mtaji wa kungoja, na wengi wanaoutafuta huupata kwa wageni wa nchi za mbali, kwa masharti ya wageni. Ikiwa ipo siku fedha za walimu zitajenga kiwanda cha mtu wa Machakos au wa Kisii, hapana budi wadhamini wajifunze kazi hii ya kuuliza, nayo haifundishwi kwa semina moja hotelini.

Jumamosi mwenzangu alirudi, nikamsomea haya kabla ya kuyapeleka kwa Mhariri. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na yule Mchina kama angeshindwa?"

Nikachukua kalamu. Mwaka 2005 wakfu wa Yale ulikuwa na dola bilioni 15.2. Gawanya kwa milioni 20, wapata 760. Yaani katika kila shilingi 760, walimpa kijana shilingi 1. Angezitupa zote baharini, chuo kisingekosa hata chaki. Na sheria ya Marekani ndivyo iendavyo tangu 1979, wizara yao ya kazi ilipowaeleza wadhamini wa pensheni ya kwamba busara yao itapimwa kwa mali yote pamoja, si kwa kila kitu peke yake. Kabla ya hapo wengi waliogopa kugusa biashara changa hata kwa ncha ya kidole.

Alinyamaza kidogo akihesabu. Kisha akaigeuza ile karatasi ya mshahara, akaniomba kalamu, maana mkutano wa mwaka wa wanachama ulikuwa karibu naye alitaka kwenda na maswali yameandikwa. Swali la kwanza aliloandika, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni tuliofundishwa chuoni, lilikuwa hili: Taarifa ya benki huletwa na nani, na nani huisoma?